Siku ya Kaisari, Siku ya Mwaisha

Morogoro, 14 Juni 1908

Kwa mpwa wangu Yuliana, huko juu Mgeta kwenye baridi na ukungu,

Nakuletea salamu nyingi kuliko majani ya migomba yenu. Mimi mjomba wako Dadi ni mzima, cherehani yangu nayo ni nzima, na majirani wanalalamika kwamba kelele zake zinawanyima usingizi, maana yake kazi ipo. Mguu wa kushoto unanisumbua siku za mvua, lakini mguu huo umezoea kulalamika tangu ujana wangu. Je, dada yako Pili amejifungua? Nimesikia ni mtoto wa kiume, nimesikia tena ni wa kike. Kila anayeteremka kutoka kwenu anakuja na mtoto wake. Mwambie mumeo Benedikto kanzu yake bado mikono tu.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Jana Akida alikuja dukani kupima suruali. Unajua mtu akisimama mikono juu huku anazungushiwa utepe kiunoni, ulimi wake hulegea. Akasema kuna Mzungu amefika kwa gari moshi kutoka pwani, anatafuta mahali pa kulima kahawa, naye amekwisha kuonyeshwa bonde letu. Bonde la mama yangu, Yuliana, la bibi yako Mwaisha, nilipozaliwa mimi na alipozaliwa marehemu mama yenu. Nikamwambia, "Akida, bonde lile lina mwenyewe." Akacheka. "Mwenyewe nani? Mwaisha si amekufa? Ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali, na Serikali humpa imtakaye."

Nikaikata ile suruali kiuno pungufu kidogo kuliko kipimo. Ndilo nililoweza kwa wakati ule.

Nijibu upesi. Mimi nimeishi mjini tangu ndevu hazijaota, mambo ya huko yananipita. Kwa nini mpaka leo hakuna aliyekalia kigoda cha mama? Wazee wanangoja nini? Asiyekuwapo na lake halipo, na Wadachi hawa wa Serikali wanaiamini methali hiyo kuliko sisi tulioitunga.

Mjomba wako,
Dadi, fundi wa nguo


Mgeta, 20 Julai 1908

Kwa Mjomba Dadi,

Shikamoo Mjomba. Sisi sote hatujambo. Pili amepata mtoto wa kike, na analia kwa sauti uliyo nayo wewe ukiimba, kwa hiyo hatuna shaka ni wa kwetu. Padre wa misheni ametugawia mbegu za njegere, tumezipanda kando ya mto. Benedikto anakusalimu na kanzu anaingoja.

Barua yako ilichelewa, tena ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa upya na mtu asiyejua kukunja. Jumbe wa kijiji aliipokea kwa askari wa Akida. Basi ujue tunapoandika tuko watatu.

Umeuliza wazee wanangoja nini. Wanangoja mwaka wa msiba utimie, siku ileile aliyokufa. Siku gani? Hapa hakuna aliyeandika tarehe, lakini hakuna aliyesahau pia, kwa sababu ilikuwa siku ya Kaisari. Pembe ilipigwa, tukateremshwa sote, waume kwa wake, tukasimama juani bomani tukimwimbia mtu tusiyemjua kwamba amezaliwa. Tuliporudi tulimkuta Bibi kando ya jiko lake, peke yake, kuku wanatembea juu ya mkeka. Nilimfumba macho kwa mikono yangu. Sitawasamehe kwa siku ile.

Kwa hiyo wazee wamesema, "Mwaisha aliondoka siku ya Kaisari, siku ya Kaisari atarudi." Atakayekaa kwenye kigoda siku hiyo atapewa jina lake, na kuanzia hapo yeye ndiye Mwaisha mwenyewe, mndewa wetu, mkuu wa ukoo na mwenye bonde. Kabla ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kufungua kinywa akasema ardhi hii ni yangu. Hata Mzungu akiuliza leo, itabidi tutazamane tu.

Tena bila mjomba hakuna jambo. Mjomba ndiye anayemvika mrithi shuka jeupe, kwa mkono wake. Na mjomba aliyebaki ni wewe peke yako. Jiandae kuja. Nani atakaa kigodani usiniulize, sitaliandika kwenye karatasi inayosomwa njiani.

Mpwa wako,
Yuliana


Morogoro, 6 Septemba 1908

Mpwa wangu Yuliana,

Marahaba. Nimefurahi kwa mtoto wa Pili, Mungu amkuze, na sauti hiyo asiione aibu. Hapa mjini tangu gari moshi lifike kila mtu anatembea haraka, hata asiyekwenda popote. Mguu hauniumi sana. Na wewe Akida, kama unasoma hapa, suruali yako iko tayari tangu mwezi uliopita, njoo uichukue.

Sasa sikia taabu yangu. Januari ijayo Kaisari anatimiza miaka hamsini. Boma limeniagiza nishone bendera za mji mzima, kuanzia stesheni hadi bomani, na siku yenyewe nisimame chini ya milingoti na sindano mkononi, asubuhi hadi jua litue, ili uzi ukifumuka niuwahi. Niliomba ruhusa ya kupanda kwenu. Nikaulizwa kama nautamani mnyororo.

Nimeifikiria sana siku hiyo, nikaona ni siku ya ajabu. Tarehe ishirini na saba Januari alizaliwa Kaisari huko kwao kwenye theluji. Tarehe hiyohiyo, mwaka ule wa vita vya Maji Maji, Wazungu wa hapa walikula karamu bunduki zikiwa mapajani, na ngoma haikulia. Tarehe hiyohiyo mke wangu wa kwanza alitumia msongamano wa sikukuu akarudi kwao na sufuria zangu zote. Na mwaka huu, tarehe hiyohiyo, cherehani yangu iliteremshwa kutoka kwenye gari moshi, nami nikaipokea stesheni nikicheka kama bwana harusi, na wakati huohuo mama yangu alikuwa anakata roho. Nilipofika kwenu mlikwisha kuzika. Inaniuma, Yuliana. Kila nikikanyaga cherehani hii inaniuma.

Kwa hiyo nasema hivi. Mama alifariki mwezi wa Mfunguo Tatu ukielekea ukingoni. Ukihesabu kwa mwezi, kama tunavyohesabu sisi Waislamu, mwaka wake unatimia mapema, kabla ya sikukuu ya Kaisari. Fanyeni siku hiyo. Nitapanda, nitamvika Pili shuka, maana najua ni Pili, mkubwa ni mkubwa tu. Huyo Mzungu wa kahawa akija atamkuta mwenyewe ameketi. Kuna ubaya gani?

Mjomba wako,
Dadi


Mgeta, 25 Oktoba 1908

Kwa Mjomba Dadi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Benedikto aliteleza mtoni akaumia bega, sasa amepona. Njegere zimeota vizuri, na nyani wamezipenda kabla yetu. Barua hii anakuletea Benedikto mwenyewe, mkononi, haipiti kwa Akida.

Wazee waliisikiliza hesabu yako ya mwezi mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha mzee Severini akasema mwezi wa Dadi una mbio za mbuzi, kila mwaka unafika mapema kuliko uliopita, na yeye magoti yake hayawezi kufukuza mbuzi. Anachokijua ni pembe. Pembe ilikuwa inalia Mwaisha alipoondoka, na pembe itakuwa inalia atakaporudi. Wote wakaguna kukubali. Nilijaribu kukutetea, nikaambiwa nikae.

Nilimuuliza Padre pia. Akafungua kalenda yake ya watakatifu, akaniambia siku hiyo ni ya Mtakatifu Yohane aliyeitwa Mdomo wa Dhahabu, askofu aliyewaambia wakubwa ukweli usoni mpaka wakamfukuza mjini. Nikasema, basi Padre, siku hiyo inatufaa. Hakucheka, lakini hakunikataza.

Sasa habari mbaya. Akida alipanda huku mwenyewe, amebebwa kwenye machela, akatangaza kwamba safari hii wanaume peke yao ndio watakaoteremka sikukuuni. Wanawake wabaki. Sababu aliyoitoa ni kwamba sikukuu iliyopita wanawake wa Mgeta walimaliza pilau la boma. Kweli tulilimaliza. Lakini Jumbe amenong'onezwa sababu ya pili. Siku hiyohiyo, wanaume wote wakiwa mjini, Mzungu wa kahawa na mpima ardhi watapanda huku. Wakikuta bonde kimya, hapana mtu wa kujibu, itaandikwa kwamba ni ardhi tupu, na mwaka mwingine tutakuwa tunachuma kahawa ya mtu kwenye makaburi ya bibi zetu.

Wewe uko mjini, unawajua watu hao. Utakuja au hutakuja? Nijibu neno moja tu.

Yuliana


Mgeta, 13 Desemba 1908

Kwa Mjomba Dadi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mvua zimeanza.

Barua ya Oktoba umeipata. Benedikto alikuona ukiisoma. Anasema uliisoma, ukairudia, ukaiweka chini ya cherehani ukaendelea kukanyaga. Ukampa chai na kanzu yake, jibu hukumpa.

Wazee wananiuliza kila Jumapili tukitoka misa, nami nasema atakuja, atakuja. Nimechoka kusema uongo mlangoni pa kanisa. Marehemu mama alitufundisha kwamba mjomba ni mama aliyeota ndevu. Nilikuwa naamini.

Kama unaogopa, sema unaogopa, nitakuelewa, mimi pia naogopa. Kimya chako ndicho nisichoweza kuwaeleza watu.

Yuliana


Morogoro, 10 Januari 1909

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Bendera ni nyingi, nyeusi, nyeupe, nyekundu, mpaka ndotoni naziona. Sitaweza kupanda. Nisamehe na usiniulize zaidi.

Mambo mawili tu. Mama mmoja muuza maharage atakuletea kifurushi cha nguo za mtoto wa Pili. Na mwambie Benedikto, wanaume wakiteremka wasije mikono mitupu. Wachague mikungu bora ya bonde letu, mirefu, isiyo na doa, waje nayo bomani. Kaisari hatimizi miaka hamsini kila siku.

Mjomba wako,
Dadi


Mgeta, 28 Januari 1909

Kwa Dadi,

Hujambo, mwanangu?

Usiitupe karatasi, sijapata wazimu. Soma mpaka mwisho ndipo uniite utakavyo.

Barua yako ya mwisho niliitia motoni, Mungu anisamehe. Ndizi! Tunanyang'anywa bonde, nawe unaagiza mikungu ya kumpelekea Kaisari! Nililia kwa hasira. Benedikto ndiye aliyenituliza. Alisema Dadi hajawahi kutoa kitu bure tangu amjue, acha tukate. Wakakata, wakateremka, wanaume wote wenye magoti mazima. Tukabaki wanawake, watoto, na wazee watatu wanne.

Kifurushi nilikifungua jana asubuhi, siku yenyewe, nikitafuta kitu cha kumfunika mtoto. Nikakuta shuka. Jeupe, kitambaa kizito cha bafta, pindo limeshonwa kwa mkono pande zote nne, mishono midogo midogo hata cherehani ingeona haya. Nikakaa chini nikalia mpaka Pili akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine.

Mzee Severini hakuridhika. "Desturi ni mjomba amvike kwa mkono wake. Mkono wenyewe uko wapi?"

Pili akamshikisha pindo. "Papasa, mzee. Kila penye uzi hapa mkono wa Mjomba umepita. Ulitaka mkono gani zaidi ya huu?"

Mzee akapapasa pande zote, polepole, maana macho yake hafifu. Mwisho akasema, "Ni mkono wa Dadi. Anakaza uzi kama mtu mwenye hasira." Akalichukua shuka akanivika.

Ndiyo, mimi. Ulidhani ni Pili, kila mtu alidhani ni Pili, naye ndiye aliyekataa tangu mwanzo. Aliwaambia wazee kigoda hiki mwaka huu kinataka mtu asiyejua kunyamaza, na katika nyumba yetu mnamjua. Sikukuandikia kwa sababu Akida angemjua wa kumkamata. Nilinyamaza miezi yote hiyo, na kwangu ilikuwa adhabu. Wazee wakamwaga pombe makaburini, mimi nikafanya ishara ya msalaba, hakuna aliyemkataza mwenzake. Nikaketi.

Bado vigelegele havijatulia, wakatokea njia ya mtoni. Mzungu wa kahawa mbele, mpima ardhi nyuma yake, mtu amebeba kile chombo cha miguu mitatu, mkalimani, na askari wawili. Walitegemea kukuta kimya. Wakakuta wanawake wa ukoo mzima, waliotoka mpaka ng'ambo ya mlima, watoto mgongoni, ngoma katikati. Mzungu wa kahawa alisimama akamtazama mpima kama aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Mkalimani akauliza, "Wanaume wenu wako wapi?"

Pili akajibu, "Si mmewaita wakamwimbie Kaisari?"

"Basi nani mwenye bonde hili?"

"Mwaisha," wakasema wote kwa pamoja.

"Mwaisha amekufa."

Nikasimama na shuka langu. Nikalikaza mabegani. Nikasema, "Mwaisha ni mimi. Karibuni."

Mkalimani akacheka. Mpima hakucheka, aliuliza inawezekanaje. Nikamwambia mkalimani, "Muulize hivi. Kaisari wao akifa, nchi yao inakuwa haina mwenyewe?" Yule mtu akaogopa kutafsiri. Mpima akamkaripia, akatafsiri huku anatazama chini. Mpima alipoelewa alinitazama mimi, akatazama kigoda, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyefungwa bao asipotegemea. Nikamtembeza makaburini, akina Mwaisha walionitangulia, kila mmoja na mgomba wake kichwani. Nikamwonyesha mifereji, migimbi, hata njegere za Padre. Mzungu wa kahawa alikuwa anasema maneno mengi, uso mwekundu. Mpima alikunja chombo chake, wakateremka. Tulicheza ngoma mpaka watoto wakalala mahali walipoangukia.

Akida ni mtu wa pwani, kwao mali hufuata baba. Alidhani akiwaita wanaume amelimaliza bonde. Hakujua kwetu ardhi hukaa kwa mama, na akina mama aliwaacha nyumbani mwenyewe, kwa uchoyo wa pilau.

Wanaume hawajarudi. Najua ni mapema, lakini moyo haujatulia. Niandikie.

Mama yako,
Mwaisha


Morogoro, 4 Februari 1909

Shikamoo mama.

Nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Mimi mwenye mvi, niliyekubeba mgongoni ukanilowesha kanzu mpya, leo nakuamkia! Majirani wamenisikia nikicheka peke yangu wakadhani homa. Lakini desturi ni desturi, na mama ni mama. Shikamoo, mama Mwaisha, shikamoo tena.

Sasa pokea ya kwangu, kwa maana siku ileile uliyokuwa umesimama mbele ya mpima, nami nilikuwa nimesimama mahali.

Kwanza shuka. Bafta ile imetoka kwenye jora la bendera za Kaisari. Angalia bendera yoyote ya mji huu, ukanda wake mweupe ni mwembamba kidogo. Hakuna aliyeona, na barua hii anakuletea mkononi yule mama muuza maharage, haipiti kwa Akida. Kitu kama hicho ningekiandikaje kwenye barua inayofunguliwa njiani? Ndiyo maana ya kimya changu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama, na mimi si mtu wa mshindo mdogo.

La pili, ndizi. Sikukuu inapoanza majumbe huitwa mmoja mmoja mbele ya Wazungu wote, kila mmoja anatoa zawadi ya watu wake. Wa kwenu walipoitwa, Benedikto akatoka na mikungu ile, akapaza sauti kama nilivyomfundisha asubuhi, "Zawadi ya Mwaisha, mwenye bonde, kwa Kaisari!" Watu wakashangilia, maana ndizi zilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto. Bwana Mkubwa wa boma akafurahi, akauliza Mwaisha ni nani apelekewe shukrani.

Akida akaruka. "Bwana, hawa waongo. Mwaisha alikufa mwaka uliopita. Bonde lile halina mtu."

Bwana Mkubwa akautazama mkungu. "Halina mtu? Na ndizi hizi amelima nani?"

Hapo nikatoka chini ya mlingoti, sindano bado mkononi. Nikasema, "Bwana, mimi ni mwanawe. Mama yu hai, leo hii ameketi nyumbani kwake. Mpima wako yuko huko, akirudi muulize." Akida akasema kama ni uongo nipigwe viboko ishirini na tano. Bwana Mkubwa akasema ni haki. Nikafungiwa chumba kimoja cha boma mpaka mpima arudi.

Mama, uliniambia kama naogopa niseme. Niliogopa. Sikujua kifurushi kimefika au kimeishia kwa Akida. Sikujua wazee wamekubali nguo bila mwili wangu. Nilikuwa nimeapa mbele ya mji mzima kwamba mfu ameketi, na sikuwa na hakika hata kidogo. Nje watu wanamwimbia Kaisari, ndani mimi nasoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni na nyingine nazirudia.

Mpima aliporudi niliitwa barazani. Akasema Kidachi kirefu, sikuelewa neno. Nilitazama mikono yake tu. Mara akaonyesha kimo cha mtu, si mrefu, kisha akazungusha mikono mabegani kama anayejifunika shuka. Nikajua. Nikashika ukuta. Bwana Mkubwa akanigeukia akasema kwa Kiswahili, Akida yuko palepale, "Fundi, mama yako ni mdogo kwako."

Nikamjibu, "Ndiyo, Bwana. Kwetu akina mama hawazeeki." Wakacheka wote isipokuwa mmoja.

Nje ya boma, kwenye majani, niliwakuta Benedikto na wanaume wote wa bonde. Sikukuu ilikwisha kupita, ruhusa ya kwenda kwao wanayo, wala hawakuondoka. Walininyanyua mabegani wakanipitisha mji mzima, chini ya bendera zangu pungufu, wakiimba jina la Mwaisha badala ya la Kaisari, na askari wakatuacha, sijui kwa nini, labda wimbo uliwapendeza. Sijawahi kubebwa tangu utoto. Nimefurahi, mama, nimefurahi hata mguu umesahau kuuma.

Akida sasa anapita upande wa pili wa barabara. Neno moja linanisumbua. Kama wewe umekuwa mama, mimi nimebaki na mpwa gani wa kuniamkia?

Mwanao,
Dadi


Mgeta, 28 Machi 1909

Marahaba, mwanangu.

Wasiwasi wa kuamkiwa uache, Pili yupo, na ameahidi kukuamkia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Mtoto wake anatambaa. Benedikto ameisimulia ile habari ya bomani kila nyumba, na kila nyumba mikungu inazidi urefu. Njegere tumevuna, nyani wamepata fungu lao.

Juzi walikuja watu wa boma na Jumbe, wakaweka mawe ya mpaka kuzunguka bonde lote, kuanzia mtoni mpaka juu ya makaburi. Mpima akaniuliza mbele ya watu jina la mwenye ardhi, nikalitaja, akalirudia mara mbili mpaka likamkaa vizuri mdomoni. Mzungu wa kahawa ametafuta pengine, na hao wa pengine nawahurumia. Lakini hapa ni petu. Watu wamelia, Dadi. Mzee Severini alilala kifudifudi juu ya jiwe la kwanza, akalikumbatia, tukamwacha mpaka alipotosheka.

Nakukaripia sasa kama mama yako. Usithubutu tena kuapa mbele ya viboko kwa jambo usilo na hakika nalo. Niliposoma pale ulipofungiwa nilikasirika kwa hofu, nikaiweka barua chini, nikaenda kulima ndipo nikarudi kuimalizia. Na asante. Siwezi kuliandika zaidi ya hivyo.

Jambo la mwisho ni amri. Tangu msiba hujapanda huku. Kila siku kubwa ya nyumba hii wewe uko mjini na sisi tuko mlimani, furaha yako huko, kilio chetu hapa. Yatosha. Njia zikikauka, funga duka, uje Alhamisi tarehe kumi na saba Juni. Nimemuuliza Padre, nimewauliza wazee, nimejiuliza mwenyewe. Siku hiyo hakuzaliwa mfalme wala hakufa mtu wetu. Njoo tu ule ndizi nyumbani kwenu.

Mama yako,
Mwaisha